Usinionyeshe Mkasi, Nionyeshe Mshono



Kila inapotajwa habari ya uhariri wa jeni katika vikundi vyetu, huzuka pande mbili zenye sauti kubwa. Upande mmoja husema: muujiza umefika, wanasayansi wameshika mkasi unaouondoa ugonjwa ndani ya damu, na mwenye kuuliza maswali ni adui wa maendeleo. Upande wa pili husema: huo ni mnara wa Babeli, mwanadamu amejitwalia kazi ya Muumba, na mwenye kuusikiliza amekwisha kupotea. Nasema bila kuficha kwamba pande zote mbili zimekosea jambo lilelile. Zote zinautazama mkasi. Hakuna unaotazama mshono.

Tuanze na lililo la hakika. DNA ni uzi mrefu ulio ndani ya karibu kila seli ya mwili. Umeandikwa kwa herufi nne, na ndani yake mna maagizo ya jinsi mwili unavyojengwa na kutunzwa. Chombo kiitwacho CRISPR, kilichowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, hufanya kazi moja katika umbo lake la kawaida: hutafuta mahali palipoagizwa na kuukata uzi huo. Hapo kazi yake imekwisha. Hakiandiki, hakisahihishi, hakiponyi. Yanayofuata ni kazi ya seli yenyewe.

Na seli inajua kuunga. Uzi huu hukatika ndani yetu kwa sababu za kawaida za maisha, na seli imejaliwa mafundi wa kuushona. Lakini mafundi hao hawana njia moja. Wa kwanza hukamata ncha mbili na kuziunganisha upesi. Mara nyingi hufaulu, mara nyingine huangusha herufi kadhaa njiani au kuingiza isiyokuwapo. Wa pili hutafuta vipande vidogo vinavyofanana kila upande wa jeraha, huvilaza pamoja, na kilichokuwa katikati hupotea. Wa tatu ni mnakili mwaminifu: hutafuta nakala nzima ya andiko lilelile na kujaza pengo herufi kwa herufi. Huyu hufanya kazi hasa wakati seli inapojiandaa kugawanyika, kwa hiyo seli nyingi za mwili hazimpati kila zinapomhitaji. Basi ukikata seli elfu moja mahali pamoja, hupati tokeo moja. Unapata matokeo ya namna nyingi. Na kuna nyakati ncha hazikutani ipasavyo: kipande kirefu hupotea, au huungwa kichwa chini miguu juu, au mkono mzima wa kromosomu huanguka.

Kwa hiyo anayetangaza kwamba amekata jeni ya ugonjwa, bado hajatuambia lolote la maana. Ametuambia kwamba ametia jeraha. Swali la mtu mwenye akili ni moja: jeraha hilo limeungwaje, katika seli ngapi, na umejuaje?

Mkulima wa Masisi hahitaji maabara ili kuielewa hoja hii. Mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, mwaka uleule ulipotambuliwa Uganda, na Vigheri Ndungo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotoa taarifa ya kisayansi kwamba umeingia Kongo. Majani hulegea na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa zimeharibika ndani, na shamba lililokuwa likilipa ada ya shule na kutoa kasiksi ya karamu hubaki mashina yanayooza. Ni nini kinachobeba ugonjwa huo kutoka mgomba hadi mgomba? Wadudu, ndiyo, lakini pia panga. Panga lililokata shina gonjwa, likikata shina zima kabla ya kusafishwa kwa moto, hupanda bakteria ndani ya jeraha. Ndiyo maana mkulima mwenye busara hamsifu mwenzake kwa ukali wa panga lake. Humwuliza: ulilisafisha? Na mgomba ule ulioukata majuma matatu yaliyopita, leo uko hali gani?

Watafiti wa taasisi ya IITA jijini Nairobi, wakiongozwa na Leena Tripathi, wameipeleka CRISPR katika mgomba. Mwaka 2021 walitangaza kwamba wamezima jeni iitwayo DMR6 katika Sukali Ndiizi, ile ndizi ndogo tamu ambayo kwetu wengi huijua kwa jina la kamaramasenge, na mimea iliyohaririwa ikaustahimili zaidi mnyauko. Kabla ya hapo, mwaka 2019, waliieleza kazi yao juu ya Gonja Manjaya, aina ya ndizi ya kupika ambayo ndani ya DNA yake hujificha virusi vya michirizi. Walivikata virusi hivyo mlemle vilimojificha. Kisha hawakukimbilia kupiga vigelegele. Walisoma herufi za mimea iliyotokea, wakaona mshono wa kila mmoja ni wa namna gani, halafu wakainyima maji, kwa maana kiu ndiyo huviamsha virusi hivyo. Robo tatu ya mimea iliyohaririwa haikuonyesha dalili. Wakaandika 75 kwa mia, hawakuandika 100. Mimi nawasifu kwa namba hiyo kuliko ninavyousifu mkasi wao.

Lakini mgomba una jambo moja ambalo mwanadamu hana: ukishonwa vibaya, unang'olewa. Mtafiti aweza kuotesha miche mia moja, akachagua mitano na kuitupa tisini na mitano, na hakuna mama atakayelia. Mtoto hang'olewi. Mgonjwa aliyerudishiwa mwilini seli zilizoshonwa vibaya hawezi kurudishwa kitaluni. Kwa hiyo katika mmea kipimo chaweza kufuata kazi polepole. Katika mtu ni lazima kitangulie, na kiwe kipimo kinachoona.

Je, vipimo vyetu vinaona? Hapa ndipo ninapotaka kugombana na wale wanaoshangilia.

Njia iliyozoeleka ya kupima mshono ni hii. Sehemu fupi inayouzunguka mkato, ya herufi mia chache, hunakiliwa mara nyingi sana kwa PCR, ileile tuliyoisikia wakati wa Korona. Kisha nakala husomwa na kuhesabiwa: ngapi hazikubadilika, ngapi zimepungukiwa herufi, ngapi zimeongezewa. Hapo hutoka asilimia ya kupendeza ya kuwekwa kwenye ripoti. Kwa majeraha madogo njia hii ni njema. Kwa majeraha makubwa ni kipofu, na sababu ya upofu wake inaeleweka. Ili kipande kinakiliwe, ni lazima alama za pande zake mbili ziwepo. Kilichopotea kikiwa kirefu hata kikaichukua alama mojawapo, hakuna nakala. Na kisichonakiliwa hakihesabiwi. Ni kama karani aliyetumwa kuhesabu hasara ya kijiji kilichochomwa, naye akapiga hodi tu katika nyumba zilizobaki zimesimama. Atarudi na habari njema: kila nyumba aliyoitembelea ina paa.

Jambo hili si dhana. Mwaka 2018 Michael Kosicki, Kärt Tomberg na Allan Bradley wa taasisi ya Sanger, Uingereza, walipima kwa upana zaidi ya desturi, wakakuta kwamba baada ya mkato mmoja seli nyingine zilikuwa zimepoteza maelfu ya herufi, na nyingine zilikuwa na mipangilio iliyovurugika, ambayo kipimo cha kawaida hakikuiona. Mwaka 2024 jambo likarudi kwa sura nyingine. Ilikuwepo dawa ya maabara iitwayo AZD7648, inayomzuia yule fundi wa haraka ili mnakili mwaminifu apate nafasi. Kwa kipimo cha kawaida, asilimia za mishono safi zilipanda. Ndipo kundi la watafiti wa Zürich, Uswisi, lilipoonyesha kwamba dawa hiyohiyo ilikuwa ikisababisha kupotea kwa maelfu, na hata mamilioni, ya herufi, pamoja na kuanguka kwa mikono ya kromosomu. Sehemu ya ushindi ule ilikuwa hivi: zilizoharibika zaidi zilikuwa zimetoka katika hesabu.

Vijana wa Rubaya na wa Bisie hawana haja ya kuelezwa zaidi. Mchimbaji hushuka shimoni, hubeba gunia mgongoni, huvuka matope, lakini thamani ya jasho lake huamuliwa mahali pamoja: kwenye mizani ya mnunuzi, na kwenye neno la mnunuzi juu ya kiwango cha madini kilichomo ndani ya mawe. Anayeshika mizani ndiye anayetaja bei. Si lazima awe mwizi. Inatosha mizani yake iwe na upande usiosoma. Maandiko Matakatifu hayakuwaachia wafanyabiashara peke yao habari za mizani. Wenye hekima na manabii waliihesabu mizani ya uongo kuwa dhambi mbele ya Mungu. Nami nasema kwamba kipimo kinachojulikana kuwa kipofu, kikitumiwa na mtu anayeujua upofu wake bila kuutaja, ni mizani ya uongo, hata kikivaa koti jeupe.

Sasa nifikie damu yetu wenyewe, maana hapo ndipo penye uzito.

Ugonjwa wa seli mundu, ambao kwetu wengi huutaja kwa herufi mbili tu, SS, hutokana na herufi moja iliyobadilika katika jeni ya himoglobini. Aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hiyo imeenea katika nchi za malaria. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huumwa: chembe nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa, na maumivu huja yasiyosimulika. Katika uchunguzi wa watoto wachanga 31,204 uliofanywa Kinshasa na Léon Tshilolo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, watoto 1.4 kati ya kila 100 walizaliwa na ugonjwa wenyewe, na karibu 17 walibeba jeni moja. Hii ni nchi yetu. Ni watoto wa ubatizo wetu.

Kwa ugonjwa huu tiba ya kwanza ya CRISPR ilipata kibali: Uingereza mnamo Novemba 2023, na Marekani tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Jina lake ni Casgevy. Seli mama za damu hutolewa, hukatwa maabara mahali palipochaguliwa ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kitoto, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuusafisha uboho wake, kisha seli hurudishwa. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila mashambulio makali. Mwenye moyo na aseme asante kwa Mungu, hata kama bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, fedha ambayo Walikale nzima haijaiona ikitumika kwa mgonjwa mmoja.

Lakini sikilizeni lililotangulia kibali hicho. Tarehe 31 Oktoba 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani waliketi kulijadili hasa swali hili: je, mahali ambapo mkasi ungeweza kukata kwa makosa pamechunguzwa vya kutosha, na katika DNA za watu wa kutosha? Swali hilo halikuwa la kupoteza muda. Mwaka huohuo watafiti wa Boston walichapisha kazi iliyohusu kielekezi kilekile kinachouongoza mkasi huo. Walionyesha kwamba ipo tofauti ya herufi moja, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, katika takriban nakala 4 hadi 5 kati ya kila 100, ambayo huufungulia mkasi mlango wa pili wa kukata. Katika seli za mtu mwenye tofauti hiyo, mkasi ulikata pale pasipokusudiwa. Tena, kwa kuwa mahali hapo pa pili pako kwenye kromosomu ileile ya 2, zilionekana seli ambazo kipande cha katikati kiliungwa kinyumenyume. Kazi hiyo ilikuwa ya seli za maabara; haikutaja mgonjwa aliyedhurika, nasi tusiiongezee. Lakini funzo lake halikwepeki. Anayepima katika DNA ya wengine, kisha akatibu katika DNA yetu, amepima shamba la jirani akavuna kwetu.

Ndiyo maana nawapinga wanaosema kwamba vipimo ni mambo ya wataalamu wa mbali. Ugonjwa ni wetu kwa wingi kuliko walivyo nao wenye maabara. Tofauti za DNA ya Mwafrika ni nyingi kuliko za watu wa bara lolote jingine. Basi kipimo kisichotuhesabu hakijakamilika kwa yeyote, na kwetu sisi ni hatari.

Nawapinga pia wale wa upande wa pili, wanaoona dhambi katika kila mkasi. Kanisa halikusema hivyo. Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 ilitofautisha waziwazi: tiba ya jeni katika seli za mwili wa mgonjwa, yenye lengo la kuponya tu, kimsingi inakubalika, kubadili jeni zitakazorithiwa na watoto na wajukuu, katika hali ya sasa ya sayansi, haikubaliki, kwa kuwa hatari zake hazijatawaliwa. Tazameni jinsi hoja hiyo inavyolisogelea swali la mshono. Mnamo Novemba 2018 He Jiankui alitangaza nchini China kwamba wamezaliwa wasichana mapacha waliohaririwa wakiwa bado viinitete. Maelezo yake mwenyewe yalionyesha kwamba mishono iliyotokea haikuwa sawa na ile hali ya asili aliyotaka kuiiga. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu mnamo Desemba 2019. Mwaka 2020 kundi la Dieter Egli mjini New York lilieleza kwamba katika viinitete vya binadamu lilivyovichunguza, karibu nusu ya mikato haikuungwa, na kromosomu au sehemu zake zikapotea. Mahali ambapo kipimo rahisi kingesoma kwamba kasoro haionekani tena, ukweli ni kwamba andiko lote lilikuwa limetoweka. Kutoonekana kwa jeraha si kupona. Aliyekwisha kuzika hujua tofauti hiyo.

Nakisikia kilio cha wengine: watu wa Masisi wamekimbia mara ngapi, barabara za Walikale zimezibwa na matope na bunduki, mtoto wa SS hapati hata damu ya kuongezewa, nanyi mnatuzungumzia kromosomu! Hoja hii ni nzito, na sehemu yake ni ya kweli. Hakuna atakayeleta tiba ya dola milioni mbili mahali ambapo jokofu la damu halina umeme. Yapo tunayopaswa kuyadai kwanza: kupima watoto wachanga, kinga dhidi ya maambukizi na malaria, na haidroksiurea, dawa ya kumeza iliyojaribiwa kwa watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Matokeo yake, yaliyotangazwa Desemba 2018, yalionyesha kwamba maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Kila anayesubiri muujiza wa mkasi huku akiidharau dawa hii, anamwacha mtoto afe leo kwa ajili ya ndoto ya kesho.

Lakini dhiki si sababu ya kunyamaza juu ya vipimo. Dhiki ndiyo saa ambayo mizani mbovu huingia. Kwa mtu mwenye njaa hakuna anayehangaika kueleza kiwango cha madini; kwa mgonjwa aliyekata tamaa hakuna anayehangaika kueleza mshono. Tiba hizi zitashuka bei, wachuuzi wake watafika, na wengine watafika kabla ya zile za kweli. Siku hiyo Goma, Masisi na Walikale zitahitaji wauguzi, walimu na wazazi wanaojua kuuliza. Hao ni ninyi, na elimu hiyo haingoji vita viishe. Kijana anayesoma baiolojia chini ya turubai asome pia takwimu. Hivi viwili vikikaa pamoja kichwani mwake, hatadanganywa kwa asilimia moja nzuri.

Basi mtu akija na habari za kuhariri jeni, iwe ya mgomba au ya mtoto, msianze kwa kupiga makofi wala kwa kukemea. Mwambieni: mkasi tumeuona, tuonyeshe mshono. Ulitumia kipimo gani, na upande gani kipimo hicho hakioni? Zile seli ambazo hazikutoa nakala, zilikwenda wapi? Kati ya watu ambao DNA yao ilichunguzwa, wangapi wanafanana nasi? Na baada ya kukata, utarudi mara ngapi, kwa miaka mingapi, kumtazama uliyemkata? Akijibu kwa uvumilivu, huyo ni ndugu, keti naye. Akikasirika, mmekwisha kupata jibu.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kijiji au kambi yetu, ni nani anayeshika mizani, na ni kitu gani ambacho mizani hiyo haikipimi?

2. Je, tunazijua familia zenye mtoto wa SS katika jumuiya yetu? Tumefanya nini ili mtoto huyo apimwe mapema, apate dawa iliyopo na damu anapoihitaji?

3. Kwa nini mgomba ulioshonwa vibaya waweza kutupwa, na mtu hawezi? Jibu lenu linadai nini kwa mtafiti, kwa serikali na kwetu sisi Wakristu?